Kanda Iliyofutwa Vizuri

Baba alipougua kiharusi alibaki na neno moja. Kilimkuta shambani, ameinamia viazi, na kilipomaliza kazi yake kilikuwa kimechukua mkono wa kulia, mguu wa kulia, Kinyakyusa chote na Kiswahili chote, isipokuwa "tena." Akitaka maji alisema tena. Akitaka kuondolewa juani alisema tena. Nzi akimsumbua puani, tena. Mama alijifunza kumletea kitu kimoja baada ya kingine, maji, uji, kofia, blanketi, mpaka anyamaze, na hapo ndipo alipojua amepatia. Alisema ameolewa mara ya pili, safari hii na mtoto mchanga mwenye ndevu. Baba alicheka kwa upande mmoja wa mdomo, maana kusikia alikuwa anasikia kila kitu. Hilo ndilo lililotuumiza zaidi.

Neno lenyewe hakuliokota njiani. Baba alikuwa mwalimu wa kwaya ya kanisa letu, mlimani juu ya Uyole, tangu sijazaliwa. Hakuwa mtu wa maelezo. Kwaya ikikosea aliinua mkono, akangoja kimya kipatikane, akasema, "Tena," kisha akaushusha na watu wakaanza upya. Hata wasipokosea alisema hivyohivyo. Nimekulia kwenye benchi la nyuma la kanisa lile, miguu haifiki chini, na nadhani neno hilo nimelisikia kuliko jina langu mwenyewe.

Alitunga nyimbo nyingi, ila uliopendwa kuliko zote ulikuwa wa kuzikia. Watu walikuwa wakisema, kwa utani na bila utani, kwamba ukifa mlimani kwetu unapata bahati ya kuimbiwa wimbo ule. Hakuwahi kuuandika popote. Sauti ya kwanza aliwafundisha peke yao, sauti ya pili peke yao, na wale wa sauti ya tatu na ya nne vilevile, kila kundi na siku yake. Kila mmoja alikwenda nyumbani na kipande chake, na wimbo mzima alikuwa nao yeye kichwani. Hakuna aliyeona tatizo. Kichwa chake kilikuwa kizima.

Kisha ukaja wakati wa kuhamia vijijini. Waimbaji wakatawanyika, wengine kijiji kipya cha bondeni, wengine Usangu, wengine Chunya kwenye tumbaku. Kanisa lilibaki na kwaya ya watoto na mama mmoja wa sauti ya pili aliyeimba kama anayeita kuku. Baba aliahidi kuanza upya baada ya mavuno. Kiharusi nacho kilikuja kabla ya mavuno.

Waimbaji wake wa zamani waliposikia, walikuja kumwona. Nilikuwa nyumbani siku hiyo, shule zimefungwa. Walikaa uani, wakasalimu. Baba akawatazama mmoja mmoja, akasema, "Tena."

Sasa, kwaya za kwetu huwaita wale wa sauti ya tatu, yaani tenori, "tena." Wazee wawili wa sauti hiyo waliokuwepo wakatazamana, wakasimama, wakavua kofia, wakaimba sehemu yao ya wimbo wa kuzikia. Walipomaliza baba akasema, "Tena." Wakarudia. Akasema, "Tena," sasa kwa nguvu zaidi. Wakarudia mpaka mmoja akaanza kukohoa. Sauti ya tatu ikiwa peke yake si wimbo, inapanda kidogo na kukaa palepale, inasubiri wenzake. Sauti ya kwanza hakuja hata mmoja. Besi alikuwepo mmoja, lakini alikumbuka mwanzo tu.

Baba akapiga mkono wa kiti kwa kiganja cha kushoto, mara kadhaa, kisha akalia. Sikuwahi kumwona akilia, hata alipozikwa bibi. Wazee wale waliendelea kusimama na kofia zao mkononi, hawajui kama wakae au waimbe.

"Anautaka mzima," mama akasema. "Hawezi kuutoa, na anaujua wote. Unamzonga humo ndani."

Hapo ndipo ilipokumbukwa kanda.

Miaka ya nyuma alipita mgeni mmoja wa kanisa na mashine ya kunasia sauti. Aliirekodi kwaya siku nzima, na alipoondoka alimwachia baba kanda moja ya kaseti, ndogo, ya kutia mfukoni. Sisi hatukuwa na redio ya kuipigia. Baba akampelekea mdogo wake, baba yangu mdogo wa Chunya, aliyekuwa amenunua redio kaseti baada ya kuuza tumbaku vizuri. Huko ilipigwa kila siku. Tulikuja kusikia kwamba baba mdogo aliupiga wimbo wa kuzikia mpaka kwenye harusi, kwa sababu aliupenda, na kwa sababu watu wa Chunya hawakujua Kinyakyusa wakadhani ni wa kumsifu bibi harusi. Walicheza.

Mama akatuma neno, kanda ikarudi. Ilirudi imebadilika rangi. Vumbi la Chunya lilikuwa limeingia kila tundu, na upande mmoja ulinata, wakasema togwa ilimwagika siku ya harusi moja. Jirani yetu aliyefanya kazi kwenye shamba la utafiti akaitia kwenye redio yake. Ikalia kama mlango wa ghala, akaizima upesi kabla haijakatika. Akasema asiyeijua kazi asiiguse. Mbeya mjini alikuwepo fundi wa redio, lakini kaseti alikuwa anaziogopa. Wa kaseti alikuwa Iringa, Mlandege, na jina lake lilifika hata kwetu.

Mimi nilikuwa nimesharudi Iringa kufundisha. Mjomba, kaka yake mama, alikuwa akipeleka viazi Iringa kwa lori. Mama akampa kanda ndani ya soksi safi na kumwambia maneno haya, ameyarudia mbele yangu mara nyingi kama mtu anayekula kiapo: "Mwambie fundi aifute vizuri, ina mavumbi ya Chunya. Halafu mwanangu mwalimu ataipitia."

Mjomba ni mtu mwema, lakini hajawahi kufikisha ujumbe ukiwa mzima. Huupunguza njiani kama anayepunguza mzigo mlimani. Alifika Mlandege, viazi vyake havijashushwa, akamkabidhi fundi soksi na kusema, "Dada yangu anasema uifute vizuri."

Nilikwenda kuichukua Jumamosi. Duka la fundi lilikuwa kijumba cha mabati, redio zimejaa ukutani, matumbo yote nje. Yeye mwenyewe alikuwa mtu mnene, nadhifu, mwenye kalamu tatu mfukoni, na alijipenda. Kazi yake kubwa, kama nilivyokuja kujua, ilikuwa kuwarekodia watu muziki. Walimletea kanda za zamani, anazifuta, anawatilia dansi.

"Kamwene, dada," alinisalimu kwa Kihehe.

"Kamwene. Nimefuata kanda aliyoileta mjomba wangu, yule wa viazi."

"Ile iko tayari." Akaitoa kwenye droo, ameifunga kwenye gazeti kama nyama. "Nimeifuta safi. Pande zote mbili."

"Nashukuru sana. Vumbi lilikuwa jingi?"

"Vumbi lipo, hilo sikuligusa. Hamkuagiza." Akatabasamu. "Mimi nimefuta tu. Kama mnataka dansi, naweza kuwatilia leo leo."

Nilisimama pale nikiwa na tabasamu la adabu usoni, na lilibaki usoni muda mrefu baada ya mimi kuelewa.

"Umefuta nini?" nikamuuliza.

"Yaliyokuwemo. Zilikuwa nyimbo za kanisa. Nilimuuliza mzee, nifute yote? Akasema yote, na vizuri."

Nilitaka kumpiga. Nasema kweli, nilitazama ile nyundo yake ndogo ya mezani. Kisha nikatafuta kosa la kumshikia, nikalikosa. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Kila asubuhi namwambia mtoto futa ubao, na mtoto anajua kwamba maandishi yaondoke. Nikirudi nyumbani nasema futa meza, na hakuna anayedhani meza itaondoka. Neno ni lilelile. Mama alilitumia sawasawa, mjomba alilifikisha sawasawa, fundi alilitii sawasawa. Nani nimfokee? Nilikaa kwenye kigoda cha wateja nikalia mbele ya redio zote zile.

Nilimsimulia fundi habari ya baba. Aliitoa kanda kwenye gazeti, akaigeuza, akaiweka kwenye mashine yake na kufungua sauti mpaka mwisho. Ukatoka mvumo, kama mvua ya mbali juu ya bati. Tukasikiliza mvumo ule upande mzima. Hakuna mtu ndani yake.

"Nimeifuta vizuri mno," akasema. Safari hii hakutabasamu.

Akaniambia nirudi Jumatatu. Nilirudi Jumatatu baada ya vipindi, na Jumanne, na siku nyingine zilizofuata. Mlandege walianza kudhani nimepata mchumba, na wenye maduka ya jirani wakaniita shemeji. Nilikaa kwenye kigoda nikamtazama fundi akiinama na bisibisi nyembamba, akiinua kidogo kile chuma kinachosoma kanda, ambacho yeye alikiita hedi, kisha akikishusha. Alinieleza kwamba mashine ikifuta huweza kuacha ukingo, kama fyekeo linavyoacha majani kando ya ukuta. Akautafuta ukingo huo. Kuna siku tulisikia kitu, tukashikana mikono bila kujijua, kumbe ni redio ya kinyozi wa jirani.

Sikuwa na la kufanya. Hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko yote, mikono yangu iliyokaa mapajani. Ingekuwa shamba limeliwa na nguruwe ningelima. Ingekuwa nguo imechanika ningeshona. Lakini sauti imekwenda, na mahali ilipokuwa pamebaki palepale, kanda ileile, urefu uleule, inazunguka. Niliitazama ikizunguka na nikamwona baba amekaa kwenye kiti chake, mzima kwa kumtazama.

Mwishowe fundi alichoka kutafuta ukingo. Alisema kama haiwezekani, basi walau aifanye ile kazi aliyoagizwa. Akachukua pamba na spiriti, akaivuta kanda kidogo kidogo na kuipangusa vumbi, huku akinung'unika. Karibu na mwisho wa upande wa pili akafika penye togwa. Palikuwa na uchafu umeganda, mgumu, wa kukwangua kwa ukucha. Akaacha kunung'unika.

"Mwalimu," akasema, "hapa kanda haikuigusa ile hedi ya kufutia. Huu uchafu umeinyanyua."

Alipangusa pale taratibu mno, akairudisha, akabonyeza.

Kwanza mvumo. Kisha, kwa mbali, watu wengi wakimaliza kuimba, neno la mwisho la wimbo, sauti zote nne zikizama pamoja. Kimya. Benchi likalia. Mtu akasema, "Tena." Na baada ya hapo, watu wale wote wakavuta pumzi kwa pamoja, pumzi ya kuanzia wimbo. Halafu mvumo.

Ilikuwa fupi kuliko kupiga chafya. Fundi akairudisha nyuma, tukasikiliza, na ilikuwa hivyohivyo. Alitafuta kanda yote iliyosalia hakupata kingine.

"Huyo ndiye mzee?" akauliza.

"Ndiye."

Alijaribu kuihamishia kwenye kanda mpya, lakini sauti ilikuwa hafifu, mvumo wa ile mpya ukaimeza. Akaniazima redio yake mwenyewe, yenye sauti kubwa kuliko zote dukani, na kunionya kwamba pale kanda imeliwa na togwa, haina maisha. "Msiipige sana. Kila ikipita, inasuguliwa." Niliipakata redio ile kwenye basi kutoka Iringa mpaka Uyole. Makambako dereva alisimama tule, mimi sikushuka.

Nyumbani nilimkuta mjomba naye, amevaa koti la kanisani. Kabla sijatua mzigo alikuwa ameanza.

"Mimi nilisema nilichoambiwa. Si mlisema aifute?"

"Nilisema ina mavumbi," mama akamjibu.

"Sasa mavumbi si yanajulikana? Nani asiyejua Chunya ina vumbi?"

"Fundi."

Mjomba akanipokea mzigo. Ulikuwa mwezi wa sita, ukungu umekaa mlimani tangu asubuhi, na baba alikuwa ndani karibu na moto, blanketi begani. Nilipiga magoti mbele yake. Nilimweleza kila kitu bila kuficha, kwamba wimbo umefutika na kwamba kimebaki kidogo. Alinitazama. Sikujua ameelewa kiasi gani, na sikuwa na njia ya kumuuliza ambayo isingejibiwa na neno lilelile.

Nikabonyeza.

Neno la mwisho la wimbo likatoka, na uso wa baba ukanyooka, ule upande mzima na ule mwingine pia kidogo. Benchi likalia. Mkono wake wa kushoto ukapanda kutoka kwenye blanketi, kiganja wazi, ukasimama hewani kama nilivyokuwa nikiuona kutoka benchi la nyuma. "Tena," ikasema redio. Watu wakavuta pumzi. Baba akaushusha mkono.

Hakukuwa na wimbo. Ulitoka mvumo tu, na mkono ulikuwa umeshuka tayari, uko pale magotini, umefanya kazi yake yote.

"Tena," baba akasema.

Mama, kwa mazoea, akanyanyuka na kikombe cha maji. Baba akakisukuma. Maji yakamwagika juu ya redio, nikayapangusa kwa kanga. Mama akaleta kofia, akaikataa. "Tena," akasema, akinitazama mimi, na ndipo tulipojua sote watatu, mimi, mama na mjomba. Tangu augue, ilikuwa mara ya kwanza neno lile kutaka kilekile linachosema.

Nikarudisha nyuma, nikabonyeza. Mkono ukapanda, mkono ukashuka. Tena. Nilikumbuka onyo la fundi kila nilipobonyeza, na kila mara niliona ile "tena" ya redioni inakonda kidogo, au nilidhani naona. Nilimtazama mama anikataze. Hakunikataza. Mjomba alikuwa ameweka kiganja machoni.

"Msimnyime," mama akasema.

Tuliendelea hivyo mchana ule. Nilitaka baba aseme inatosha, na neno hilo hakuwa nalo. Betri ndizo zilizotuamulia. Sauti ilianza kuvuta miguu, wale watu wakawa wanavuta pumzi ndefu, ndefu mno, kama wanaotaka kuinua gogo, na baba wa redioni akawa mzee kuliko baba wa kwenye kiti. Kisha ikazimika.

"Tena," baba akasema.

"Betri zimekwisha, baba."

"Tena."

Duka lenye betri lilikuwa bondeni na siku hiyo lilifungwa. Mama akazitoa betri, akaenda kuzianika juu ya bati la banda la kuku, kama watu wote walivyofanya wakati ule ili zipate nguvu kidogo. Alizipanga vizuri, zimelala upande upande, na juu yake hapakuwa na jua, palikuwa na ukungu mtupu. Alijua. Mimi pia nilijua. Hatukuwa na kitu kingine cha kumfanyia.

Baba akaashiria mlango kwa kidevu. Mimi na mjomba tukainua kiti, tukamtoa hadi kizingitini, mahali anapoweza kuliona bati lile. Mama akamfunika tena blanketi. Akakaa hapo anazitazama betri, mkono wa kushoto ameuinua tayari, na hakuna hata mmoja wetu aliyethubutu kumwambia aushushe.